Udaktari Huanza Gredi ya 9

Kila Januari, matokeo ya KCSE yakishatoka, swali moja huzunguka kutoka Eastleigh hadi Mandera. Msichana amepata A-, nyumba imejaa wageni, adeer (ami) zake walioko Minneapolis wamepiga simu usiku kucha, na mama yake anamgeukia mwalimu: "Mwalimu, sasa udaktari atausomea wapi?" Swali ni la haki kabisa. Taabu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu imeshaamuliwa siku nyingi. Fizikia iliachwa kidato cha pili. Jina la kwenye cheti cha mtihani halilingani na la cheti cha kuzaliwa. Fedha zilizochangwa zinatosha mwaka mmoja, na kozi ni ya miaka sita.

Kwa hiyo sura hii siwaandikii waliomaliza mtihani peke yao. Namwandikia zaidi kijana wa Kisomali ambaye bado yuko shuleni, awe Garissa, Dadaab, Nairobi au ng'ambo, na ningependa mzazi wake aketi karibu waisome pamoja. Akili wanafunzi hawa wanayo, hamu wanayo, na familia zao zinautamani udaktari kuliko kazi nyingine yoyote. Wanachokosa ni kalenda. Hawaambiwi mapema lipi hufanywa mwaka gani, na kozi hii haimsubiri mtu.

Nao wanahitajika mno. Takwimu zilizotokana na sensa ya Kenya ya 2009 zilionyesha kwamba Mandera walifariki kina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na Wajir 1,683, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 500. Vifo hivyo vina sababu nyingi: umbali, barabara, ukosefu wa damu na wa gari la wagonjwa. Lakini mojawapo ni kwamba daktari anayepelekwa huko kutoka mbali mara nyingi huomba uhamisho mapema, na hata akiwapo, mama mwenye uchungu hulazimika kumweleza maumivu yake kupitia mdomo wa mtu mwingine. Daktari aliyezaliwa huko, Takaba au Habaswein, haondoi umbali wala habadilishi barabara, ila anabaki, na anamsikia mgonjwa wake moja kwa moja. Ndiyo maana nalichukulia suala hili kwa uzito zaidi kuliko ushauri wa kawaida wa kuchagua kozi.

Tuanze na masomo. Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wameingia Sekondari Pevu Januari 2026, na darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Aliye katika mtaala mpya huchagua mkondo wake akiwa Gredi ya 9, mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Anayetaka udaktari hana budi kuchagua mkondo wa STEM, na ndani yake achukue biolojia na kemia, kisha aongeze fizikia ikiwa shule inaifundisha. Mtoto akipelekwa mkondo mwingine kwa sababu shule ya karibu haina maabara, hakuna atakayekuja miaka mitatu baadaye kumrudishia kemia. Mzazi aulize kabla ya kujaza fomu: shule hii ina mwalimu wa kemia, au ina jina la kemia kwenye ratiba?

Kwa waliosalia katika 8-4-4, nafasi ya udaktari hupimwa kwa biolojia, kemia, kisha hisabati au fizikia, na somo la nne ambalo kwa wengi huwa Kiingereza au Kiswahili. Wastani wa C+ unamwingiza mtu chuo kikuu, lakini haumwingizi udaktari. Pointi za klasta zina ukomo wa 48, na katika vyuo vya umma udaktari huchukuliwa na walio karibu na ukomo huo. Hapo ndipo Kiswahili kinapowaangusha wengi wa Kaskazini Mashariki bila wao kutarajia. Mwanafunzi ana A ya biolojia, ana A ya kemia, halafu lugha zote mbili zina B- kwa kuwa alizichukua kama masomo ya kupita tu. Wala si suala la pointi peke yake. Atakapofika wodini katika Hospitali ya Kenyatta au katika hospitali ya rufaa ya Eldoret, mgonjwa wa Machakos au wa Bungoma atamweleza ugonjwa wake kwa Kiswahili.

Kuhusu fizikia nina msimamo mkali. Wasichana wengi huambiwa waiache kwa kuwa ni ngumu, na shule huwaunga mkono kwa kuwa haina mwalimu. Ukiiacha, umejifunga kwa hisabati peke yake hapa Kenya, na umejipunguzia njia za nje: mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani, MCAT, una fizikia ndani yake. Asiyeiweza kabisa aiache, lakini asiiache kwa uvumi.

Najua mwalimu wa kuifundisha hapatikani kirahisi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Mwaka uliofuata, Aprili 2, wanafunzi na wengine, jumla watu 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo wanaofundisha sayansi. Kuna watoto walioingia kidato cha nne bila kushika bureti, na katika KCSE mtihani wa vitendo una alama 40 kati ya 200 za kila somo la sayansi. Alama hizo hazipatikani kwa kukariri. Zinapatikana kwa kupima, kumimina, kusoma kipimo na kuandika jedwali, tena na tena, mpaka mkono uzoee.

Unafanyaje basi ukiwa katika shule kama hiyo? Anza na walio karibu. Wapo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia kutoka kaunti hizi ambao hurudi nyumbani likizo. Mwalimu mkuu akiwaita wakae na kidato cha tatu na cha nne kwa wiki mbili, watafanya mengi. Shule yenye maabara isiyo na mwalimu na shule yenye mwalimu asiye na maabara ziko mji mmoja, na hazizungumzi. Wazazi wanaweza kuzikutanisha. Na kama familia ina jamaa Nairobi, Machakos au Thika na uwezo upo wa kumhamisha mtoto shule ya bweni, ahamishwe mapema. Kuhama mwanzoni mwa kidato cha nne humpotezea muhula mzima wa kuzoea.

Neno juu ya dugsi, yaani chuo cha Kurani. Mtoto aliyehifadhi Kurani ana kitu ambacho wenzake wengi hawana: anaweza kukaa chini saa nyingi, kurudia, kukubali kusahihishwa, na kubeba maandishi marefu kichwani. Mwaka wa kwanza wa udaktari, kwenye anatomia, uwezo huo ni mali. Lakini mitihani ya sayansi siku hizi humpa mwanafunzi jambo asilowahi kuliona na kumtaka alieleze. Aliyezoea kuhifadhi peke yake hukwama hapo. Dawa yake ni kufanya maswali ya miaka iliyopita huku akijieleza kwa sauti kwa nini jibu ni hilo na si lile, na kumfundisha mwenzake. Ukiweza kumweleza mdogo wako kazi ya figo akaelewa, umeielewa.

Sasa nije kwenye hati, jambo ambalo vitabu vya ushauri hulipitia juu juu na ambalo kwa Wasomali ndilo huwaumiza zaidi. Msomali ana jina lake, la baba na la babu. Hana jina la ukoo la kuandikwa mwishoni. Mwandishi wa hospitali anaandika matatu, shule inaandika mawili, ofisi ya vitambulisho inaandika manne. Tahajia nayo ni vita nyingine. Somalia ilipokubali herufi za Kilatini mwaka 1972 iliandika Maxamed, Xasan, Cabdi na Caasha, ilhali ofisi za Kenya huandika Mohamed, Hassan, Abdi na Aisha. Mtoto mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohamud kwenye KCSE, na Maxamed kwenye karatasi za ukimbizi za mama yake. Kwa macho ya karani wa chuo au wa ubalozi, hao ni watu watatu.

Usisubiri barua ya chuo ndipo uanze kurekebisha. Majina yanayotokea kwenye cheti cha KCSE ni yale yaliyosajiliwa shuleni kabla ya mtihani, na wakati wa kuyasahihisha ni huo wa usajili. Weka cheti cha kuzaliwa mezani, herufi kwa herufi, na kila karatasi nyingine ifuate hicho. Ikishaharibika, kuna hati ya kiapo kwa makosa madogo ya tahajia na kuna utaratibu rasmi wa kubadili jina kwa makubwa. Vyote vinahitaji muda, na vingine wakili.

Tarehe ya kuzaliwa nayo huleta taabu ileile. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuthibitisha siku yenyewe. Wengine waliongezewa mwaka au miwili. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambao Wasomali wengi huutegemea, humtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21. Mwaka mmoja uliozidishwa na karani katika jua la kambi ya Ifo unaweza kumtoa mtoto kwenye orodha.

Kitambulisho cha taifa kina historia ya uchungu. Kwa zaidi ya miongo sita Wakenya wa asili ya Kisomali walihojiwa mbele ya kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho, na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo. Wapo pia Wakenya ambao wazazi wao, kwa njaa, waliwasajili kambini kama wakimbizi, na alama zao za vidole zikabaki kwenye mtambo wa wakimbizi hadi leo. Bila kitambulisho huna mkopo wa elimu ya juu wa HELB, huna akaunti ya benki, na pasipoti ni ndoto. Ukifikisha miaka 18 ukiwa kidato cha nne, nenda ukakiombe likizo ileile. Usingoje matokeo.

Baada ya matokeo, nafasi za vyuo hugawanywa na KUCCPS kupitia mtandao. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda mfupi na kufungwa. Kosa ninaloliona zaidi ni la kujaza udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha kujaza chaguo zilizobaki kwa kubahatisha. Nairobi ni shule kongwe, ilianza 1967, na ushindani wake ni mkali. Wapo Moi, Kenyatta, Jomo Kenyatta, Maseno na Egerton, na wote hutoa daktari yuleyule anayesajiliwa na baraza lilelile la madaktari. Moi, Eldoret, imejijengea sifa kwa kufundisha kupitia visa vya wagonjwa tangu mwanzo na kuwapeleka wanafunzi vijijini. Kwa mtu anayekusudia kurudi Wajir, namwona akinufaika huko sana. Chaguo za chini zijazwe kwa kufikiri pia: famasia, uuguzi, sayansi ya maabara. Na fomu ijazwe na mwenye jina, au mbele ya macho yake. Kijana wa duka la mtandao hajui unataka kuwa nani.

Fedha. Wasomali tuna qaaraan, mchango wa jamaa, na kina mama wana hagbad au ayuuto, mzunguko wao wa kuwekeana akiba. Mtoto akipata chuo, qaaraan huitwa, na mwaka wa kwanza hulipwa kwa shangwe. Mwaka wa tatu shangwe imepoa. Adeer wa Columbus amepoteza kazi, wa Dubai ameoa, na mwanafunzi anazuiliwa kufanya mtihani. Ombi langu kwa familia ni hili: siku ya mchango wa kwanza, andikeni karatasi ya miaka yote sita. Karo, malazi, vitabu, koti jeupe na vifaa vya kumpimia mgonjwa, nauli ya kwenda hospitali za mafunzo. Kila jamaa aseme mwaka na mwezi wake, na fedha zishikwe na mtu mmoja anayeaminika. Hagbad ya kina mama ipangwe ili zamu ya mama mtu iangukie muhula mgumu. Basari za kaunti na za mfuko wa eneo bunge, NG-CDF, zipo, ziombwe kila mwaka, ila huja kidogo na huchelewa, kwa hiyo zisihesabiwe kama nguzo.

Riba ni suala la dini na silichezei. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na vijana wengi Waislamu huukataa kwa sababu hiyo. Hata Uingereza, serikali iliahidi mkopo usio na riba tangu 2013, sheria ikapita 2017, na vijana Waislamu wamemaliza shule wakiungoja. Ninachoomba ni kwamba uamuzi huu ufanywe mapema, kwa mazungumzo na mwanachuoni ambaye familia inamwamini, si wiki ya kujiandikisha. Ukiamua kutochukua, basi njia nyingine ya fedha iwe imeshapatikana. Ukiamua kuchukua kwa fatwa uliyopewa, usisomee ukiwa na kigugumizi moyoni.

Kwa wasichana nitasema zaidi kidogo. Hawa Abdi alikuwa mtoto wa takriban miaka kumi na miwili mama yake alipofariki kwa matatizo ya ujauzito. Mwaka 1964 alipata ufadhili wa Umoja wa Kisovieti akaenda Kiev, akarudi daktari wa wanawake, na 1983 akafungua kliniki kwenye shamba la familia katika njia ya Afgooye. Vita vilipokuja, shamba hilo likawa makimbilio ya maelfu kwa maelfu ya watu. Binti zake wawili, Deqo na Amina, nao ni madaktari. Hargeisa, Edna Adan Ismail, mkunga aliyesomea Uingereza, alifungua hospitali yake ya uzazi mwaka 2002, na sehemu kubwa ya maisha yake ameipigania afya ya wanawake na kuukemea ukeketaji. Hakuna sheikh wala mzee anayeweza kusema jambo hili ni geni kwetu.

Bado, msichana anayemaliza kidato cha nne na A- husikia posa kabla ya kusikia KUCCPS. Mzazi, nakuomba kwa heshima. Wewe mwenyewe utakapompeleka mkeo au binti yako hospitali utauliza kama kuna daktari mwanamke. Atatoka wapi? Na wewe msichana, kama ndoa itakuja katikati ya kozi, zungumza na mwenzako na wazee wake kabla ya nikaha, mbele ya mashahidi, kwamba masomo yataendelea. Wanawake wengi wamesoma udaktari wakiwa wameolewa na wana watoto. Waliokwama ni wale walioambiwa "tutaona baadaye." Tena punguzeni kazi za nyumbani mwaka wa mtihani. Kaka yake anaweza kuosha vyombo.

Nje ya Kenya. Hapa mawakala ndio wengi, na baadhi yao ni wafanyabiashara wa matumaini. Kabla ya kulipa shilingi moja, tafuta jina la chuo katika orodha ya kimataifa ya vyuo vya udaktari iliyo wazi mtandaoni, kisha uliza baraza la madaktari la nchi unakotaka kufanya kazi kama linaitambua shahada hiyo. Anayesomea nje na kurudi Kenya hufanya mtihani wa baraza kabla ya uanagenzi. Uliza pia unasomeshwa kwa lugha gani, na kama mgonjwa wa wodini atakuelewa. Uganda wanafuata mfumo wa A-level, hivyo mwenye KCSE aulize kwanza kama anahitaji kozi ya kuunganisha.

Uturuki, maombi ya ufadhili wa serikali hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kwa udaktari wanataka wastani usiopungua asilimia 90, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki. Tazama tarehe: matokeo ya KCSE yanaweza kukufikia dirisha likiwa wazi tayari, kwa hiyo hati zote ziwe tayari kabla.

Na popote uendapo, kila mwisho wa mwaka chukua nakala ya matokeo yako iliyopigwa mhuri, uitume nyumbani na uihifadhi kwenye barua pepe. Aprili 15, 2023 vita vilipozuka Khartoum, wanafunzi wengi wa Kisomali waliokuwa wakisoma huko walikimbia na nguo walizovaa. Aliyekuwa na nakala aliweza kuomba kuhamia kwingine. Asiyekuwa nayo alirudi mwaka wa kwanza.

Mogadishu na Hargeisa zisidharauliwe. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kilianza miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Padova, masomo yakitolewa kwa Kiitaliano, na vita vya 1991 vikakifunga. Chuo Kikuu cha Benadir kilianzishwa 2002 na madaktari waliokataa kuondoka. Desemba 3, 2009, kwenye mahafali yake katika Hoteli Shamo, mlipuaji alijilipua. Walikufa mawaziri, akiwamo wa afya, Qamar Aden Ali, na wahitimu wa udaktari wakiwa katika majoho yao. Chuo hakikufungwa. Kinaendelea kufundisha. Kaskazini, vitivo vya udaktari vya Amoud ya Borama na Chuo Kikuu cha Hargeisa vilijengwa kwa msaada wa walimu wa King's College London waliosafiri mara kwa mara kufundisha na kutahini. Anayetaka kutumikia huko, kusomea huko kuna maana. Anayetaka kufanya kazi Ulaya baadaye ajue mapema kwamba atakuwa na mitihani mingi ya kufanya.

Kwa wakimbizi wa Dadaab kuna njia mbili zinazojulikana. Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, humsomesha mkimbizi katika nchi aliyokimbilia. Shirika la WUSC la Kanada, ambalo mpango wake wa wakimbizi ulianza 1978, huchagua wenye matokeo mazuri ya KCSE na kuwapeleka vyuo vikuu huko. Wanaochaguliwa huingia Kanada kama wakazi wa kudumu, na hili lina uzito zaidi kuliko wanavyojua, kwa sababu vyuo vingi vya udaktari vya Kanada haviwachukui wanafunzi wa kigeni. Lakini hutaanza na udaktari. Utasoma shahada nyingine kwanza, na alama zako ndizo zitakazokuingiza. Vyuo vingine hupima miaka yote, vingine miaka iliyo bora. Mwaka wa kwanza, baridi, upweke, na fedha za kutuma kambini huwafanya wengi wachukue masomo mengi na kazi za usiku pamoja. Chukua machache uyafanye vizuri. Walioko nyumbani wataelewa ukiwaeleza.

Marekani ni vivyo hivyo: shahada ya miaka minne, kisha miaka minne ya udaktari, na MCAT ambayo alama zake huanzia 472 hadi 528. Chama cha vyuo vya udaktari huko kina mpango wa kuwapunguzia gharama wenye kipato kidogo, na unaombwa kabla ya kulipa, maana fedha zilizokwisha kulipwa hazirudi. Uingereza mtu huingia moja kwa moja baada ya sekondari. Mtihani wa UCAT hufanywa kati ya Julai na Septemba, maombi hufungwa Oktoba 15, na kati ya chaguo tano ni nne tu zinazoweza kuwa za udaktari. King's, London, ina kozi ya udaktari iliyorefushwa mwaka mmoja kwa ajili ya wanafunzi wa shule za umma wenye uwezo ambao hawakupata mazingira mazuri. Wasomali wengi wa mtaa wa Tower Hamlets wangefaa, na hawaijui.

Nchi hizo humhoji mwombaji, na mahojiano ndipo vijana wetu hujinyima. Wamelelewa wasijisifu, wasimtazame mkubwa machoni, waseme "sisi" pale walipofanya peke yao. Binti anaulizwa ana uzoefu gani wa kuhudumia wagonjwa, anajibu hana. Binti huyuhuyu tangu miaka tisa amekuwa akimpeleka ayeeyo yake kliniki ya kisukari, akitafsiri kati yake na daktari, akipanga vidonge vya wiki, akimwambia nesi kwamba bibi amefunga Ramadhani na ndiyo maana sukari imeshuka. Amewahi kukaa katikati wakati daktari anatoa habari mbaya, akatafuta maneno ya kumfikishia mtu mzima bila kumvunja. Huo ni uzoefu ambao mtoto wa daktari aliyelipiwa wiki mbili za kumfuata bingwa hospitalini hana. Useme. Sema ulifanya nini, ulikosea wapi, ulijifunza nini juu ya mgonjwa asiyeelewa anachoambiwa. Usitaje jina la mgonjwa. Fanya mazoezi na mtu asiyekujua, kwa sauti, mpaka neno "nilifanya" lisikuchome. Kusema ukweli juu ya kazi yako si majivuno.

Na usipopata nafasi ya udaktari? Diploma ya afisa wa kliniki katika chuo cha mafunzo ya afya, KMTC, chenye kampasi Garissa, ni miaka mitatu, na anayeimaliza hutibu watu. Kwenye vituo vingi vya kaskazini yeye ndiye daktari pekee ambaye wananchi wanamjua. Vyuo kadhaa humpokea mwenye diploma nzuri katika udaktari kwa masharti yao. Wengine huingia uuguzi wakagundua walikuwa wanautaka tangu mwanzo. Kurudia KCSE nako kunaruhusiwa, lakini kuwe kwa sababu inayojulikana: somo moja lililoanguka, ugonjwa, shule iliyofungwa. Kurudia ili kumridhisha baba aliyekwisha kuwatangazia watu msikitini ni mwaka wa mateso.

Familia ijue pia kwamba siku ya kuhitimu mshahara hauanzi. Baada ya miaka sita Kenya hufuata mwaka wa uanagenzi chini ya usimamizi, na kupangiwa kituo kumekuwa kukichelewa. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kilikuwa wanagenzi hao: mkataba uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Mtoto aliye katika hali hiyo tayari hupokea simu za ndugu wanaomwita "daktari" na kuomba karo ya wengine. Waambieni hili hooyo (mama) na adeer wote tangu mwaka wa kwanza, na kwenye ile karatasi ya miaka sita ongezeni miwili: mmoja wa uanagenzi na mmoja wa kutafuta kazi. Kabla ya huo wa nane kwisha, usimwahidi mtu nyumba wala nauli ya Hija.